Mlinzi wa Chungu cha Mama Hildegarda

Nilikula.

Wiki iliyopita niliwaacha Mikumi, mimi nimekaa mbele ya moto, ini la nyati linachuruzika mafuta, na najua wengi wenu mmeshinda mkinitetea. Oswald hatakula. Oswald ana mchumba. Oswald ameapa. Samahanini sana. Nilikula, tena nikalamba vidole.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, aibu yangu kwa kifupi ni hii. Mimi ni Mngoni. Zamani za Mwingereza nilitoka Songea nikaja Kilosa kukata mkonge, manamba kama manamba wengine, katika shamba la Mgiriki mmoja upande wa Kimamba. Hapo kambini nikampenda Costancia. Mama yake, Mama Hildegarda, Mngoni kama mimi, mjane wa fundi wa korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge, alikuwa mkuu wa kikundi kidogo kilichojiita Watu wa Bustani. Walitaka kula kama Adamu alivyokula kabla hajaharibu mambo. Sheria yao ilikuwa moja: usile chenye mama.

Nyama ina mama. Samaki ana mama. Yai lina mama, tena yuko hapo hapo anakutazama. Maziwa ndiyo mama mwenyewe. Asali walibishania siku nzima, mpaka mtu mmoja akasema nyuki wana mama yao ndani ya mzinga, na asali ikafungiwa mlango. Ngozi nayo hivyo hivyo. Ndiyo maana tulipoimba tulipiga debe badala ya ngoma, na suruali yangu niliifunga kwa kamba ya katani, kamba iliyonisaliti mbele za watu kama nilivyokwisha kusimulia.

Majirani kambini walitupenda mno. Siku ya posho tuliwaachia nyama yetu. Hakuna waliotuombea tudumu katika imani kuliko wao.

Nami niliapa. Mama Hildegarda alisema nikishika kiapo masika yote mpaka Jumapili ya Chungu, Costancia atakuwa mke wangu. Aliyeonja nyama haoi wala haolewi katika nyumba yake. Zilikuwa zimebaki siku chache tu nilipotumwa Mikumi na lori kufuata nguzo za kujengea kambi mpya, na huko Mzungu mmoja wa barabara akaua nyati, akawagawia watu wote waliokuwapo.

Sikuanza na nyama. Nataka mjue hilo, ingawa halinisaidii kitu.

Nilianza na chumvi. Chumvi ilikuwa imedondoka kutoka kwenye ini ikabaki juu ya jani, nami nikajiambia chumvi haina mama. Nikailamba. Kisha nikaona mchuzi kwenye sufuria. Mchuzi ni maji, na maji hayana mama. Nikanywa kikombe. Ndani ya kikombe kulikuwa na kipande kidogo ambacho sikukiweka mimi, na kutema chakula mbele ya watu waliokukaribisha ni utovu wa adabu.

Baada ya hapo sikutafuta sababu tena.

Aliyekuwa amekaa karibu yangu ni Kasian, utingo wa lori, Mhehe wa Iringa. Wahehe na Wangoni walipigana vita enzi za mababu, na vita vilipokwisha wakabakiwa na utani. Mtani anaweza kukuvua kofia msibani. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo na kubeba chakula chako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kasian aliitumia haki hiyo kila siku ya Mungu.

"Mtani," aliniambia huku akitafuna, "huyo Adamu wenu naona hakupita Mikumi."

"Nyamaza, mla mbwa."

"Mimi mla mbwa sijaapa kwa mtu. Lete kitambaa nikufungie ya njiani."

"Sichukui."

"Nitakuwekea mwenyewe kwenye gunia."

Nikakataa kwa mdomo, na kwa mikono nikamshikia gunia likae wazi. Hata kitambaa nilikitoa mimi. Kilikuwa kitambaa cheupe chenye herufi O kwa uzi mwekundu. Costancia alikishona Krismasi, na kabla ya kunipa alikipitisha nyumba kwa nyumba kukionyesha, kwa hiyo kambi nzima ilikijua. Katika kitambaa hicho ndimo tulimofunga nyama ya nyati iliyokaushwa kwa moshi. Mpaka leo nikikumbuka hapo natamani kujificha.

Tuliporudi Kilosa, mbwa wa kambi walinijua kabla ya watu. Niliposhuka kwenye lori walinizunguka, wakanisindikiza wakitikisa mikia. Nilikuwa nimepanga nikifika nilizike fungu lile mkongeni. Sikufika popote. Costancia alikuwa amesimama njiani.

"Pole na safari."

"Nimeshapoa."

"Mbwa hawa wana nini?"

"Wamenikumbuka."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kumwamini mtu, na siku ile kiliniumiza kuliko matusi. Akanyoosha mkono. "Lete gunia nikafue."

"Nguo zenyewe si chafu."

"Umelala porini, Oswald. Lete."

Alivuta, nami nikavuta. Watu wakaanza kutazama. Mchumba anapokuomba nguo zako akufulie, ukizikataa mbele za watu umemwambia una mwanamke mwingine. Nikaliachia. Akajitwika kichwani, mbwa wakanihama mimi wakamfuata yeye hadi mtoni.

Jioni alinirudishia gunia. Nguo zilikuwa safi, zimekunjwa. Fungu la nyama halikuwamo, wala kitambaa.

"Hukuona kitu humo ndani?" nikamuuliza.

"Kitu gani?"

"Hapana. Nauliza tu."

Akanitazama kidogo, akaenda zake. Nikajiambia mbwa wamelichomoa njiani. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mbwa. Mtu mwongo hutoa shukrani za ajabu.

Jumapili ya Chungu ikafika.

Siku hiyo Watu wa Bustani walikusanyika kwa Mama Hildegarda na kuzunguka chungu kikubwa cha kunde, maboga na mchicha. Kabla ya kugawa, kila mmoja husema kilichopita kooni mwake ambacho hakikupaswa kupita. Ukisema dogo unaonywa, unakula. Ukisema nyama, unatoka. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Kamba ya suruali nilikuwa nimeipiga mafundo mawili.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa karibu yangu. Leo ni siku yako."

Nikakaa mkekani.

Hatujaanza, nikasikia sauti ya Kasian mlangoni. Watani hawaalikwi, huja wenyewe. Aliingia na kofia kichwani, akafunua chungu, akachungulia, akakifunika kwa huzuni kubwa.

"Mama Hildegarda, shikamoo. Nyie Wangoni mnamlisha mkwe wenu majani?"

"Marahaba, mtani. Majani ndiyo chakula chetu. Wewe huko kwenu si una mbwa wako?"

Watu wakaangua kicheko. Kasian akanionyesha kidole.

"Huyu majani hayamtoshi. Huyu Mikumi amekula ini la nyati."

Nilitazama mlango. Kasian alikuwa amesimama kati yangu nao.

"Alianza na chumvi," akaendelea. "Akasema chumvi haina mama. Akahamia kwenye mchuzi, akasema maji hayana mama. Halafu akala mpaka nyati akajuta kuzaliwa. Nilimwambia, mtani, tubakizie hata pembe."

Nilingoja Mama Hildegarda ainuke. Badala yake nilimwona anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Alikuwa anacheka. Mzee Theodory, kaka yake mkubwa, alikuwa amejishika mbavu. Wanawake walikuwa wanaegemeana.

"Chumvi haina mama," Mzee Theodory alirudia, akashindwa kumaliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kasian angeweza kutaja hata kijiti nilichochokolea meno, na hakuna ambaye angemwamini. Neno la mtani halina ushahidi. Alikuwa amesema ukweli mtupu mbele ya watu wote, na ukweli wake ukawa mchezo.

Costancia peke yake hakucheka. Aliinamisha uso, akawa anavuta nyuzi za mkeka.

Nilipaswa kusimama pale pale na kusema, Mama, mtani hajakosea. Nafasi ilikuwa imefunguliwa mbele yangu. Nilicheka na wenzangu. Nilicheka kwa sauti kuliko wote, na nadhani hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko ini.

Mama Hildegarda alinyanyua mkono, kukawa kimya.

"Mnaona? Kijana anasingiziwa nyati mzima na hakasiriki. Mwenye hatia angechacha." Akaniwekea mkono begani. "Tangu mume wangu afariki chungu hiki hakina mlinzi. Leo nimempata. Oswald, kaa hapa mbele ya kifuniko. Watu watasema makosa yao kwako, na hukumu utatoa wewe."

"Mama, mimi ni mgeni katika mambo haya."

"Ndiyo maana. Hujazoea kusamehe ovyo."

Nikawekewa kifuniko cha chungu mbele ya magoti. Kasian alijikalia pembeni na bakuli lake, akaniangalia jinsi mtu anavyomwangalia mwenzake anayepanda mti mbovu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Theodory. Mzee wa umri wa babu yangu, amekaa mbele yangu ameshusha macho.

"Mlinzi, kumbikumbi wamenipita kooni."

"Ilikuwaje, mzee wangu?"

"Walikuja wenyewe kwenye taa."

"Na kutoka kwenye taa walifikaje kooni?"

"Nilikuwa nimeweka beseni la maji chini ya taa. Lakini mimi naona kumbikumbi hutoka ardhini, na kitokacho ardhini ni mboga."

"Ulikula wengi?"

"Walikuwa wamekaangwa," alisema kwa unyonge, kana kwamba hilo linajibu swali.

Watu walinitazama. Nikamwonya asiweke tena beseni. Alinishukuru kwa mikono miwili, nami nikaona haya hadi masikioni.

Akafuata Gaudiosa, mke wa jirani, mwenye mtoto mgongoni.

"Samli. Ilikuwa kidevuni mwa mtoto."

"Ukailamba?"

"Nilikuwa namfuta."

"Kwa nini hukutumia kanga?"

"Kanga ilikuwa safi, Mlinzi."

Nikamwonya naye. Wengine wakafuata. Mmoja alikunywa supu ya samaki kwa ajili ya kifua, na kifua kikachelewa sana kupona. Mwingine hakula kuku, alikula tu ugali uliokuwa umekaa karibu na kuku. Nikagundua kwamba bustani yote ilikuwa na matundu kwenye ua, kila mmoja ana tundu lake la kupitia. Wote walikuwa wadogo mbele ya nyati wangu, na wote waliinama mbele yangu wakiniita Mlinzi. Natamani ningekuwa chini ya ule mkeka na si juu yake.

Mama Hildegarda alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Bado nani? Kama wameisha, tugawe chakula, tuseme na habari ya ndoa."

"Bado mimi," alisema Costancia.

Akaja akapiga magoti mbele ya kifuniko. Mikono yake ilikuwa ndani ya kanga.

"Nilikula nyama."

Hakuna aliyecheka.

"Unasema nini wewe?" Mama Hildegarda aliuliza.

"Nyama, Mama. Iliyokaushwa. Niliikuta imefungwa kitambaani, nikataka kujua ina nini hasa hata mtu aache alichoahidi. Nikaonja. Nikalia sana. Halafu nikala iliyobaki."

"Uliikuta wapi?"

Costancia aliinamia kifuniko. Hakunitazama, na nilijua anafanya hivyo kwa ajili yangu. Nyama yangu ndiyo aliyokula. Siku zote zile alizokuwa ananiletea maji na kunisalimu alikuwa anajua, na alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

"Nimekuuliza, Costancia. Wapi?"

"Kwenye mizigo ya lori."

Mama Hildegarda aligeuka taratibu hadi kwa Kasian. "Mtani. Lori ni lako. Utani uweke chini."

Kasian aliacha kutafuna. Akaweka bakuli sakafuni, akavua kofia. Pale kambini kila mtu alijua maana yake. Mtani akivua kofia, anachosema ni ushahidi, nami nilikuwa sijawahi kumwona Kasian bila kofia hata siku ya maziko.

Alinitazama. Mimi nilimtazama kwa macho ya kuomba. Hata sijui nilikuwa naomba nini.

"Nyama ilikuwa yangu, Mama," alisema. "Huyu Mngoni hakuionja."

Akavaa kofia yake, akatoka nje. Chakula chake alikiacha.

Maskini Kasian. Alisema kweli kwa utani, hakuaminiwa. Alipodanganya bila kofia, aliaminiwa neno kwa neno. Alinitolea heshima yake mimi nisiyeistahili, na kwa kunitoa mimi shimoni alimsukumia humo Costancia. Sasa alikuwa amekula nyama, tena nyama ya mtu mwingine.

Mama Hildegarda alizeeka mbele ya macho yetu. Sauti yake ilitoka kavu.

"Basi umekula na umeiba. Sheria naijua, niliiweka mwenyewe. Utakwenda Ruhembe kwa shangazi yako, na habari ya ndoa imekwisha. Nisingependa hukumu niiseme mimi mzazi. Mlinzi yupo, ataisema yeye."

"Dada," Mzee Theodory alianza, "hata mimi wale kumbikumbi..."

"Kaka, nyamaza."

Costancia alikuwa bado amepiga magoti. Alitoa mkono ndani ya kanga, akaweka kitu kando ya goti langu, upande ambao mama yake hakuuona. Alinong'ona, sauti ikanifikia mimi tu.

"Kitambaa chako. Nimekufulia."

Kilikuwa kimekunjwa vizuri, cheupe kabisa, ile O nyekundu ikinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amenipa kitu ambacho kingemwondolea jina la mwizi, na kuniachia mimi nichague pa kukiweka.

Ningeweza kukiinua juu. Mama yake angekijua, kila mtu angekijua, na nisingehitaji kusema neno hata moja.

Nikakikalia.

Ndiyo, wasomaji wangu, nitukaneni. Nilijisogeza kidogo kama mtu aliyechoka miguu, nikakificha kitambaa cha mchumba wangu chini ya makalio, mbele ya macho yake. Aliniona nikifanya hivyo. Macho yake yalijaa maji, akayageuzia kwenye chungu.

"Tunakusikiliza, Mlinzi," alisema Mama Hildegarda.

"Mama, nadhani..." Nikashika kifuniko kwa mikono miwili. "Nadhani msichana asamehewe."

"Kumbikumbi husamehewa. Nyama haisamehewi, wewe mwenyewe uliapa hivyo mbele yangu. Sema hukumu yake."

Nikafungua kinywa. Watu wote walikuwa wamenikazia macho, na joto la kile kitambaa nililihisi kama kaa la moto.

Mama Hildegarda akanishika mkono, akanivuta kwa upole.

"Usihukumu umekaa, mwanangu. Marehemu mume wangu, kila alipotoa hukumu mbele ya chungu hiki, alisimama kwanza. Simama."